Mkuu wa Wilaya ya Barafuni

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa, na sifa nilizokuwa nazo ziliniishia mwaka ule walipozindua daraja mahali pasipo na mto. Itoshe kusema ni nchi ya jua, mihogo na mikutano, na kwamba barafu wananchi wake waliijua ndani ya glasi tu, tena kwenye arusi za wenye uwezo.

Humo aliishi Dokta Sikudhani Mlekwa, daktari wa miamba, si wa watu. Kazi yake ilikuwa kupima usumaku wa ardhi. Kila mwamba una chuma chake, kingi au kidogo, na mtu akipita juu yake na mtambo ulio makini, akaandika namba hatua baada ya hatua, ataijua sura ya gamba la dunia lililofichika chini bila kuchimba hata shimo la kuzikia paka. Miaka kumi na minne aliifanya kazi hiyo pamoja na fundi wake, Mzee Hemedi Chamwingi. Mzee huyu, kwa kuuheshimu mtambo, alikuwa akivua saa, funguo na mkanda, akafunga suruali kwa kamba ya katani. Wanakijiji walipomwona akikatiza mashamba yao na mlingoti begani, suruali imeshikiliwa na kamba, walidhani ni mwendawazimu wa serikali.

"Hawajakosea sana," alisema Hemedi. "Mshahara ni wa serikali."

Sasa ikatokea kwamba Mtukufu Rais, katika dhifa moja, aliketi karibu na mgeni msomi aliyemweleza kwamba zamani sana, kabla ya mtu na mnyama, ardhi iliyolala chini ya barafu ya Ncha ya Kusini ilikuwa imeshikana na bara letu. Mtukufu akaweka kijiko chini.

"Imeshikana?"

"Kabisa, Mtukufu. Baadaye zikaachana."

"Zikaachana kwa talaka ya nani? Na mirathi iligawanywa lini? Mbona mimi sikuitwa?"

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Ardhi Tulizopokonywa na Bahari. Uwaziri alipewa Mheshimiwa Gaudensi Mapembe, aliyekuwa Waziri wa Samaki mpaka samaki walipokwisha. Naye hakuchelewa kumwita Sikudhani ofisini.

"Dokta, unaweza kuthibitisha kwamba mwamba wa kule ni ndugu wa mwamba wa hapa?"

"Pengine, Mheshimiwa. Miamba ya kale ina mistari ya usumaku. Tuna mstari mmoja unaokatikia pwani yetu. Kama ulikuwa unaendelea, kipande chake kingine kitakuwa kule, chini ya barafu. Lakini lazima nipime kwanza."

"Pima, mwanangu, pima. Ila upime kwa kuthibitisha."

Mtu mwenye akili angekataa papo hapo. Sikudhani alikuwa na akili, lakini alikuwa pia na hamu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkatia tiketi ya kwenda mbali kuliko makao makuu ya mkoa, na huo mstari unaokatikia pwani alikuwa akiuwaza hata akichambua mchele. Akakubali. Kisha akaenda kumshawishi Hemedi, aliyekuwa amebakiza mwaka na nusu astaafu.

"Dokta, mimi hata mwezi wa saba naoga maji ya moto," Hemedi alimwambia.

"Nani mwingine atakayeubeba mtambo bila kuutia chuma chake, Mzee?"

Hemedi akacheka, akakuna kidevu, akaenda kumuaga mkewe.

*

Mkuu wa msafara hakuwa Sikudhani. Alikuwa Bwana Kasmiri Ndandanda, Naibu Katibu, mtu aliyesomea itifaki na kuhitimu kwa kutofungua mlango mwenyewe. Siku ya kufunga mizigo alifika na kreti kubwa kuliko zote. Ndani yake mlikuwa na sanamu ya Mtukufu, tani moja na nusu ya chuma kitupu, mkono mmoja umenyoshwa kuelekea mbele kama mtu anayesimamisha mvua.

"Ndege tuliyokodi ina kikomo cha uzito," Sikudhani alisema. "Tumekwisha kupiga hesabu."

"Zimepigwa upya," alijibu Kasmiri.

Katika hesabu hizo mpya, jiko la pili la kupashia hema moto lilibaki. Nusu ya mafuta ilibaki. Kasha la makoti mazito na viatu vya barafuni nalo likabaki, na mahali pake pakawekwa masweta arobaini ya rangi za bendera, yaliyofumwa na Umoja wa Wake wa Viongozi, membamba, mazuri, yenye vifungo vya dhahabu.

"Bwana Kasmiri, achana na uzito," Sikudhani akajaribu njia nyingine. "Chuma kingi hivyo karibu na mtambo ni sawa na kupiga ngoma sikioni mwa daktari anayesikiliza mapigo ya moyo. Kitaharibu vipimo vyote."

Kasmiri akatoa kalamu. "Rudia polepole niandike. Umesema Mtukufu anaharibu nini?"

Sikudhani akanyamaza. Katika nchi hiyo watu wengi walikuwa wamenyamaza kwa kalamu ndogo kuliko ile.

*

Kule Nchani, wakati huo wa mwaka, jua halizami. Linazunguka tu pembezoni mwa mbingu kama mgeni asiyejua ataagaje. Walipiga mahema mawili, na kabla ndege haijaondoka rubani na msaidizi wake wakawasaidia kuisimamisha sanamu mbele yake kama Kasmiri alivyotaka. Kila asubuhi Sikudhani na Hemedi walikwenda mbali nayo kadiri miguu ilivyoweza, wakavuta mtambo juu ya kitelezi cha mbao, wakapima. Hemedi alivaa masweta sita, moja juu ya jingine, vifungo vyote amevikata, na ile kamba yake ya katani kiunoni. Pumzi yake iliganda kwenye masharubu. Alisoma namba kwa sauti, Sikudhani akaandika kwa penseli, maana wino ulikuwa jiwe.

Siku ya tisa, kiasi cha saa nne asubuhi, namba zilianza kupanda. Zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, kwa mwendo ule ule Sikudhani alioujua kama sauti ya mama yake. Akaomba Hemedi arudi nyuma hatua mia mbili na kupita tena. Namba zikawa zile zile. Ulikuwa mstari wa pwani yao. Ulikatikia nyumbani, bahari yote ile ikaingia katikati, na hapa ulikuwa umelala chini ya nyayo zao, na juu yake barafu ya kimo cha milima.

"Ndio wenyewe?" Hemedi aliuliza.

"Ndio wenyewe, Mzee."

Hemedi akainama, akapigapiga barafu kwa kiganja, kama mtu anavyompiga bega ndugu waliyepoteana. "Hujambo, bwana," akaiambia. "Kwetu wote wanakusalimia."

Walicheka mpaka machozi yakaganda. Nasema haya ili ijulikane kwamba kazi ilifanyika, na ilifanyika vizuri. Katika yote yaliyotangazwa baadaye, jambo hili, lililokuwa la kweli, halikutangazwa.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Siku ya Uhuru. Ilipangwa kwamba saa sita kamili, kutoka uwanja wa taifa, wananchi waonyeshwe moja kwa moja, kwa kamera ya Kasmiri, picha ya Mtukufu akiwa amesimama Nchani. Tangu alfajiri upepo ulikuwa unavuma kwa hasira, na theluji ilikuwa imeing'ang'ania sanamu usoni. Mtukufu alikuwa na nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, na kichwa cheupe pe.

Kasmiri alichungulia nje ya hema akashika moyo. "Ana mvi!"

Mvi za Mtukufu zilikuwa zimepigwa marufuku kwa sheria ya bunge tangu miaka saba nyuma.

"Mzee Hemedi, panda ukamfute."

"Hapandi mtu katika upepo huu," alisema Sikudhani.

"Dokta, leo ni Siku ya Uhuru. Unataka kuniambia kwamba leo, siku ya Uhuru, mwananchi ana uhuru wa kukataa?"

Hemedi alikwisha kuchukua kitambaa. "Acha tu, Dokta. Dakika tano."

Akapanda kwenye sanduku, akafuta. Theluji ikarudi. Akafuta tena. Huko nyumbani saa sita ikafika, lakini picha haikuitwa, kwa kuwa Mtukufu alikuwa bado anahutubia, na hakuna aliyezaliwa wa kumkatisha. Saa saba. Sikudhani alitoka kumteremsha Hemedi. Kasmiri akampungia Hemedi mkono abaki, akasema wakati wowote wataitwa. Saa saba na nusu Sikudhani alitoka tena. Hemedi alikuwa anafuta polepole sana, kama mtu anayemwosha mtoto, na hakuwa tena anatetemeka. Wakati huo huo mtambo ulianza kulia, betri zinaganda, na ndani yake mlikuwa na vipimo kamili vya siku tatu, ambavyo daftarini viliandikwa sehemu tu. Sikudhani akasimama kati ya mtu na mtambo. Akaenda kwenye mtambo kwanza. Alikawia robo saa.

Aliporudi, picha ilikuwa imekwisha kurushwa. Wananchi wanane kwa kumi walioiona walikiri kwamba Mtukufu alipendeza. Hemedi alikuwa ameketi chini ya sanamu, kitambaa mkononi, uso umetulia.

Walimwingiza hemani. Jiko lilikuwa moja, na mafuta yalikuwa yamekwisha tangu asubuhi. Sikudhani alimvika kila kilichokuwapo, akamlalia kifuani kumpa joto lake. Mara moja Hemedi alifumbua macho, akauliza kama kipimo cha mchana kimeandikwa. Alimjibu kimeandikwa. Kabla ya saa kumi alikuwa amekufa, na Sikudhani ndiye aliyemfumba macho.

Kasmiri alipiga simu wizarani. Akasikiliza, akaitikia "naam" mara nyingi, akakata.

"Asiguswe. Tusubiri maelekezo."

Maelekezo yalifika siku mbili baadaye pamoja na ndege. Wanasheria wa wizara walikuwa wamegundua kwamba ardhi isiyo na mkazi ni ya yeyote, bali ardhi yenye mkazi ni ya yule mwenye mkazi. Taifa lilikuwa limepata mkazi.

"Abaki," alisema Kasmiri.

"Nafasi ipo! Sanamu tunaiacha, ndege ni tupu!"

"Dokta, hujanielewa. Habaki kwa sababu ya nafasi. Anabaki kwa sababu ya cheo."

Akatoa mkobani kibao cha mbao kilicholetwa na ndege, kimechorwa vizuri, akakipachika kwenye mlango wa hema alimolala Hemedi: OFISI YA MKUU WA WILAYA. Sikudhani alimrukia. Rubani na msaidizi wake ndio waliomshika na kumpakia ndegeni, wakimwambia pole, dada, pole, kwa lugha ambayo hakuijua.

*

Uteuzi wa Mheshimiwa Hemedi Chamwingi ulisomwa redioni kabla ya taarifa ya bei za mbolea. Baada yake Waziri Mapembe alisoma jambo kubwa zaidi: kwamba wataalamu wamevumbua mlima wa chuma chini ya barafu, na kwamba kwa bahati ya ajabu mlima huo uko pale pale iliposimama sanamu, wala hauzidi hatua moja kulia au kushoto.

Sikudhani alikwenda kumwona.

"Mheshimiwa, huo si mlima. Ni sanamu. Mtambo ulipopitishwa karibu na kambi uliisoma sanamu."

"Unasema Mtukufu amesimama juu ya chuma."

"Nasema Mtukufu ndiye chuma chenyewe."

Waziri akatafakari, macho yakamng'aa, akaiandika. Kabla ya Ijumaa sentensi hiyo ilikuwa kwenye mabango yote ya barabara kuu: MTUKUFU NDIYE CHUMA CHENYEWE. Chini yake, kwa herufi ndogo: Dkt. S. Mlekwa.

Kutoka huko alikwenda nyumbani kwa Hemedi. Alikuta nyumba imepakwa rangi, askari langoni, bendera paani. Mke wa Hemedi, Bi Mwatumu, alikuwa ameketi sebuleni kwenye kochi jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni, mikono mapajani, kama mgeni.

"Wanasema hajambo," alianza Bi Mwatumu, hata salamu hakungoja. "Nikawauliza, hajambo vipi asinipigie simu? Wakasema kule baridi, simu haishiki. Nikasema basi aandike barua. Wakasema ana kazi nyingi. Wewe ulikuwa naye, mwanangu. Niambie."

Sikudhani alipiga magoti sakafuni akamwambia. Alimwambia kuhusu kitambaa, na sanduku, na upepo. Alimwambia pia kuhusu robo saa yake, ingawa hakuulizwa.

Bi Mwatumu hakulia. Alivua hereni moja, akavua ya pili, akaziweka mezani.

"Basi nikae eda."

Haikuwa rahisi hivyo. Eda ni ya mjane, na ujane, katika nchi hiyo, ulihitaji kibali. Bi Mwatumu alipojifunga kanga mbili nyeupe na kuketi ndani, maofisa wa itifaki walifika wakamvika kitenge chenye uso wa Mtukufu na kumpeleka kuzindua choo cha soko. Alipomwendea shehe wa mtaa amsomee marehemu khitima, shehe alimwonyesha waraka: Ni marufuku kumwombea rehema kiongozi aliye kazini.

"Mimi najua amekufa, mama," shehe alinong'ona. "Mtaa wote unajua. Lakini nitasoma kwa karatasi gani?"

Miezi ikapita. Wilaya ya Barafuni iliongoza nchi nzima kwa utulivu. Haikuwa na mwizi, haikuwa na mlalamikaji, haikuwa na mgomo wa walimu. Waraka kutoka makao makuu ulimpongeza Mkuu wake kwa kutowahi kuomba likizo. Katika uchaguzi mdogo wilaya hiyo ilikuwa na mpiga kura mmoja, na Mtukufu akapata kura mbili.

*

Ndipo ikatangazwa sherehe ya kumtuza Mkuu wa Wilaya Bora. Tuzo ingepokewa na mkewe. Siku hiyo hiyo ingezinduliwa Ramani ya Usumaku ya Kusini, na Dokta Sikudhani Mlekwa angesema maneno machache aliyoandikiwa.

Ukumbi ulijaa tangu saa tatu. Waliletwa wafanyakazi wa viwandani, wanachuo na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, na kila mlango ulikuwa na kijana wa itifaki aliyewafundisha: msemaji akinyamaza, pigeni makofi. Bi Mwatumu aliketishwa mstari wa mbele, mkanda wa hariri begani.

Sikudhani alipanda jukwaani. Aliikunja ile karatasi mara nne akaiweka mfukoni.

"Hakuna mlima wa chuma," alisema.

Makofi.

"Mlichotangaziwa ni sanamu yetu wenyewe. Tuliipeleka, tukaipima, tukaivumbua."

Makofi, na kigelegele kimoja.

"Tulipakia sanamu tukaacha jiko. Tukaacha mafuta. Tukaacha makoti."

Makofi ya kishindo. Waziri Mapembe naye alipiga, kwa kuwa wakati huo alikuwa anasoma hotuba yake mwenyewe na masikio yake yalikuwa yamezoea kusikia makofi, si maneno. Kasmiri peke yake ndiye aliyekuwa amesimama, uso umempauka, akimtafuta fundi wa vipaza sauti.

Hasira ilimpanda Sikudhani, moto aliokuwa ameulalia miezi minane. Akapiga meza kwa ngumi.

"Msipige makofi! Acheni! Nawaambia mtu amekufa! Mzee Hemedi Chamwingi amekufa kwa baridi, siku ya Uhuru, akimfuta chuma theluji usoni ili asionekane ana mvi! Huyu mkewe huyu hapa mmemvika hariri! Mmemnyima hata kulia!"

Kipaza sauti kilikatwa. Hapo palitokea kimya, na kwa mazoea mikono kadhaa ikainuka kupiga makofi. Lakini Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kusimama. Alivua ule mkanda, akauacha uanguke, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoa ukemi.

Si sauti ninayoweza kuiandika. Kila mwanamke aliyezaliwa katika nchi hiyo anaijua, na kila mwanamke anajua kwamba haiachwi peke yake. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, waliolipiwa nauli kuja kushangilia, waliangaliana. Mmoja akashusha kanga kichwani akaitikia. Wa pili akaitikia. Kisha ukumbi mzima, mstari baada ya mstari, ukawa matanga. Vijana wa itifaki walikimbia huku na huku wakiwasihi wanyamaze, lakini hawakuwa wamefundishwa namna ya kunyamazisha kilio. Mwanamume mmoja wa kiwandani alivua kofia. Waziri aliinua macho kwenye karatasi yake akauliza nani amefariki.

*

Sikudhani alikamatwa kabla hajashuka ngazi. Makosa yalitafutwa. Uchochezi ulionekana mdogo. Mwishowe mwanasheria mmoja mwenye ari, aliyetaka kupandishwa cheo, aliandika shitaka ambalo halikuwahi kuandikwa: kwamba Mkuu wa Wilaya ya Barafuni alikuwa hai na mzima mpaka siku ya sherehe, saa tano na dakika ishirini asubuhi, ambapo mshitakiwa alimuua kwa maneno mbele ya mashahidi elfu mbili.

Hati ilipokwisha kugongwa mhuri na kufunguliwa mahakamani, ndipo wizara ilipoisoma vizuri. Kasmiri alikwenda mahabusu mbio, jasho linamtoka.

"Dokta, tusaidiane. Hiyo hati inasema amekufa."

"Naam. Niliisoma."

"Wilaya bila mkazi inapotea! Weka sahihi hapa, kwamba baridi ilikuharibu akili, kwamba yuko hai. Shitaka linafutwa, unarudi kazini leo leo. Mtambo mpya tumekwisha kuagiza." Akasogeza kalamu. "Usipoweka, ni kifungo."

Sikudhani aliitazama kalamu ile. Aliufikiria mtambo mpya, naam, aliufikiria, sitamsingizia uwalii. Kisha akamuuliza: "Bwana Kasmiri, Mzee Hemedi alikuwa na watoto wangapi?"

Kasmiri akafungua faili kutafuta.

"Watatu," alisema Sikudhani. "Nenda."

Mahakamani hakimu alimsomea shitaka, akauliza kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli Hemedi Chamwingi amekufa."

"Hujaulizwa hilo. Umeulizwa kama ni wewe uliyemuua."

Wakili aliyepewa na serikali alimvuta nguo akane. Sikudhani aliona tena mtambo unalia, na mzee juu ya sanduku.

"Walimuua waliompandisha," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kama upepo ule. "Nami nilikwenda kuokoa namba kabla ya kumteremsha. Sehemu yangu naikubali. Iandike, Mheshimiwa. Na sehemu yao iandike. Na uandike amekufa."

Sehemu yao haikuandikwa. Alipewa miaka minne. Lakini hukumu, kama hukumu zote, ilibidi imtaje aliyekufa, na sheria ya lugha ya mahakama haina neno jingine: kurasa zote tatu zilisema marehemu Hemedi Chamwingi, kwa mhuri wa ngao ya taifa. Bi Mwatumu alisimama kwenye foleni ya masjala kama raia yeyote, akaomba nakala, akapewa na karani aliyekuwa anasikiliza mpira redioni. Akaipeleka kwa shehe.

Shehe aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa ameketi, kisha akatuma watu wakaite mtaa. Khitima ilisomwa barazani mchana kweupe. Ilipofika habari ya eda, wapo waliosema siku zake zilikwisha kupita tangu mtu alipokufa. Shehe akasema siku zilizoibwa hazihesabiwi, aanze upya. Wanawake wakamwingiza Bi Mwatumu ndani.

Siku ya wageni gerezani, baada ya miezi minne na siku kumi, Sikudhani aliitwa. Nyuma ya wavu alikuwa amesimama Bi Mwatumu, ameoga, amepaka wanja, hereni masikioni, na mkononi bakuli la mihogo ya nazi ambayo askari alikuwa ameitoboatoboa kwa kijiti kutafuta silaha.

"Umekonda, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula."

Alikula kwa vidole kupitia tundu la wavu, na Bi Mwatumu akamtazama mpaka bakuli likaisha.

"Umemaliza eda," Sikudhani alisema mwishowe. "Moyo umepoa?"

"Kupoa?" Bi Mwatumu alicheka kwa kukohoa. "Moyo haukuwa na nafasi ya kukasirika, mwanangu, ulikuwa haujalia. Sasa nimelia nimemaliza." Akakung'uta bakuli, akalifunga kwenye kanga. "Nimeuza kochi lao. Akina mama wa siku ile ya ukumbini wapo nje ya lango, arobaini na kitu. Tunatoka hapa kwenda wizarani kuketi mlangoni. Wamlete."

"Watawafukuza."

"Tutarudi kesho."

"Wakiwakamata?"

"Basi utatupokea humu," alisema Bi Mwatumu, akageuka, akaenda zake kwa haraka, kwa kuwa ofisi hufunguliwa saa mbili na alitaka wamkute pale.